Meli Zilizopita Nchi Kavu ya Singida

Mkoa wa Singida hauna pwani. Maziwa mawili yanayoukumbatia mji wake, Singidani na Kindai, ni ya maji ya chumvi, na mito yake mingi hukauka kiangazi kinapoingia. Mtu wa Manyoni anayetaka kuiona meli kwa macho yake hushika njia ya reli, ama mashariki mpaka Dar es Salaam, ama magharibi mpaka Kigoma. Hata hivyo, zamani vyombo vya majini viliwahi kuja huku vyenyewe. Vilikuja vikiwa vipande: kwanza mabegani mwa watu, kisha kwa mikokoteni, mwisho kwa gari moshi. Kimoja kati yake kimedumu katika Ziwa Tanganyika kwa zaidi ya miaka 100.

Waandishi wa historia za meli hupenda miisho miwili ya safari. Hueleza chombo kilivyoundwa Ulaya, halafu wakaruka hadi siku kiliposhushwa majini. Nchi iliyo katikati hutajwa kwa sentensi moja, kama vile mizigo ilijiendea yenyewe. Katikati hapo ndipo Singida ilipo, na ndipo kazi nzito ilipofanyika.

Mashua ya kwanza tunayoifahamu vizuri ilipita mwaka 1875. Novemba 17 ya mwaka uliotangulia, msafara wa Henry Morton Stanley ulitoka Bagamoyo ukiwa na watu 356. Pamoja na majora ya nguo, shanga na risasi, ulibeba mashua ya mbao za mwerezi iliyoitwa Lady Alice. Ilikuwa na urefu wa futi 40, yaani mita 12 hivi, na upana wa futi 6. Fundi James Messenger aliiunda huko Teddington, kando ya mto Thames, katika vipande 5 vya kufungua na kufunga. Vilipofika Zanzibar vikaonekana vipana mno kwa njia za miguu za bara, ikabidi vipunguzwe upana kabla ya kuvushwa Bagamoyo.

Kubeba mashua ni kazi tofauti na kubeba mzigo wa nguo. Jora la nguo hukaa juu ya bega la mtu mmoja, naye huinama chini ya tawi na kupita. Kipande cha mashua hakiinami. Wanaokibeba sharti walingane kimo na hatua, na mmoja akiteleza mwenzake huumia. Kwa hiyo Stanley alichagua wapagazi wenye nguvu kuliko wote kwa kazi hiyo. Palipokuwa na kichaka, miti ilikatwa ili mashua ipite.

Mwanzoni mwa Januari 1875 msafara uliiacha barabara kuu ya kwenda Unyanyembe (nchi ya Tabora) huko Ugogo ya magharibi, ukakata kuelekea kaskazini-magharibi. Waongoza njia wakawatoroka. Chakula kikaisha katikati ya vichaka vya miiba, na baadhi ya watu wakafa kwa njaa kabla ya kufika Suna, katika nchi ya Warimi, ambao wengi wetu huwaita Wanyaturu. Mbele kidogo, mahali Stanley alipopaandika Chiwyu, alikufa kwa homa Edward Pocock, mmoja wa ndugu wawili Waingereza waliofuatana na msafara ule. Siku chache baadaye, huko Vinyata, vita vikazuka kati ya msafara na Wanyaturu. Stanley alipoteza watu zaidi ya 20, naye akachoma vijiji na kuchukua nafaka.

Masimulizi ya Vinyata yaliyoenea duniani ni yake peke yake. Msomaji wa Singida ana haki ya kuyasoma akiwa amesimama upande wa pili: upande wa wakulima na wafugaji walioona mamia ya wageni wenye bunduki wakipiga kambi na kujenga boma katikati ya mashamba yao, bila kujua walikotoka wala watakaa hadi lini. Nchi iliyovamiwa ililinda mipaka yake, na ililipa kwa damu.

Mashua ilinusurika. Februari 27 ilifika Kagehyi, ufukwe wa kusini wa Ziwa Victoria. Vipande vikaunganishwa, na Machi 8 ikaanza safari ya siku 57 ya kulizunguka ziwa lote. Mwaka 1877, baada ya kufuata mto Kongo hadi karibu na bahari ya magharibi, iliachwa juu ya miamba na kuoza. Vitabu vimeitukuza Lady Alice kama mashua iliyopima maziwa ya Afrika. Lakini chini ya mashua hiyo, tangu Bagamoyo mpaka Kagehyi, palikuwa na mabega ya Waswahili wa pwani na Wanyamwezi, na wengi wao hatuna hata majina yao.

Barabara kuu ambayo Stanley aliiacha ilipita kusini zaidi, ikiingia katika pori ambalo wapagazi walilitaja kwa hofu: Mgunda Mkali. Pori hilo lilianzia ukingoni mwa Ugogo likaenea kuelekea Unyanyembe, na sehemu yake kubwa leo ni Manyoni na Itigi. Maji yalikuwa machache, vichaka vimesokotana, na msafara uliochelewa ulihesabu watu wake upya kila jioni. Pembe za ndovu zilipita humo kwenda pwani, na watumwa pia. Mnamo 1882 na 1883 ilipita mashua nyingine ya vipande, Morning Star, mali ya wamisionari wa London Missionary Society. Edward Hore, aliyekuwa baharia kabla ya kuwa mmisionari, aliisimamia ikisukumwa kwa mikokoteni mpaka Ujiji. Magurudumu yalizama mchangani na kukwama kwenye visiki, na watu walivuta kwa kamba.

Miaka 30 baadaye reli ikapita katika pori lile lile. Ujenzi wa reli ya kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, enzi za gavana Gustav Adolf von Götzen, mwaka ule ule vita vya Maji Maji vilipolipuka kusini. Ilifika Morogoro mwaka 1907 na Tabora mwaka 1912. Kati ya Bahi na Manyoni ilikutana na ukuta wa Bonde la Ufa. Mabonde ya Ugogo yanaishia hapo, na nchi inainuka ghafla kuelekea Saranda na Kilimatinde, palipokuwa na boma la Wajerumani. Njia ilibidi ichongwe ubavuni mwa mwinuko, kwa sururu, baruti na mikono. Ukishapanda ukuta huo unafika uwanda wa Manyoni, zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kisha Itigi na kichaka chake maarufu, ndipo reli inapoanza kuteremka taratibu kuelekea magharibi. Februari 1914 ilifika Kigoma, baada ya kilomita zipatazo 1,250.

Ili kuelewa kilichopita juu ya reli hiyo, tutazame kwanza Ujerumani ya mwaka 1913. Juni ya mwaka huo meli Imperator ilianza safari zake kati ya Hamburg na New York. Ilikuwa na urefu wa mita 276 na ujazo unaozidi tani 52,000, kubwa kuliko meli yoyote ya abiria wakati huo. Msanifu Mfaransa Charles Mewès aliipamba ndani kama hoteli za kifahari za Paris na London: bwawa la kuogelea lililozungukwa na nguzo kwa mtindo wa Pompeii ya kale, bustani ya mitende chini ya paa la kioo, mkahawa wa vyakula vya Kifaransa, na ngazi pana zilizofunikwa kwa mazulia. Tajiri alivuka Atlantiki bila kuhisi kwamba ametoka nyumbani kwake. Maelfu ya wahamiaji maskini walisafiri ndani ya meli hiyo hiyo, katika madaraja ya chini, bila kuruhusiwa kuiona bustani ile.

Kwa Afrika Mashariki kulikuwa na meli za Deutsche Ost-Afrika-Linie, kampuni iliyoanzishwa Hamburg mwaka 1890. Mojawapo, iliyoundwa na Blohm & Voss mwaka 1912 ikiwa na tani zipatazo 8,000, iliitwa Tabora, jina la mji wa bara ambao reli iliufikia mwaka huo huo. Kampuni za meli zilikuwa na desturi ya kuagiza mifano midogo ya meli zao, yenye kila dirisha, kila mashua ya kuokolea na kila ngazi, na kuiweka katika makabati ya vioo ofisini. Mteja aliyekuja kukata tiketi aliiona meli nzima kwa mara moja: kamara za daraja la kwanza juu, ukumbi wa kulia katikati, na chini kabisa sehemu ambazo hazikupambwa.

Mwaka huo wa 1913, katika mji mdogo wa Papenburg karibu na mto Ems, karakana ya Meyer ilimaliza kuunda meli ya mvuke kwa ajili ya Ziwa Tanganyika. Iliitwa Goetzen, kwa heshima ya gavana yule ambaye utawala wake ulizima Maji Maji kwa silaha na kwa njaa iliyoua makumi ya maelfu ya watu. Ilikuwa na urefu wa mita 67 hivi na upana wa mita 10. Haikuwa jumba la fahari kama Imperator. Lakini ilikuwa na kamara, ukumbi wa kulia na sitaha za kupunga hewa, na hakuna meli nyingine ziwani iliyolingana nayo.

Namna ilivyoundwa ndiyo inayoshangaza hadi leo. Mafundi waliikusanya nzima kwa bolti, wakahakikisha kila bati linakutana na jirani yake na kila tundu linaoana na mwenzake. Halafu wakaifungua yote. Mkuku, mataruma, mabati, mabomba, boila, milango na samani vilitiwa alama na kufungwa katika masanduku yapatayo 5,000. Meli za mizigo ziliyachukua kutoka Hamburg, zikapita mfereji wa Suez, zikayashusha Dar es Salaam.

Kutoka hapo masanduku yalipakiwa kwenye mabehewa. Treni zilivuka mto Ruvu, zikapita Morogoro na Dodoma, zikakata mbuga za Bahi, kisha zikaanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Pale juu, kati ya Manyoni na Itigi, Goetzen ilikuwa mita zaidi ya 1,200 juu ya bahari iliyotoka, na mita zaidi ya 400 juu ya ziwa ililokuwa ikienda, kwa kuwa maji ya Tanganyika yako kwenye mwinuko wa mita 773 hivi. Haijawahi kufika juu kiasi hicho tena. Wagogo, Wakimbu na Wataturu wa nchi hii waliona mabehewa ya masanduku yakipita, na ndani ya masanduku hayo kulikuwa na vitanda, meza, usukani na nanga. Mgunda Mkali ulikuwa ukipitisha meli kubwa.

Kigoma, mafundi 3 kutoka Papenburg walisimamia kazi ya kuiunda upya: Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann. Mafundi wa Kihindi na vibarua wa Kiafrika walipigilia ribiti kwa mikono, bati baada ya bati. Walipokuwa kazini, Agosti 1914, Vita Kuu vilianza Ulaya. Februari 5, 1915, Goetzen ilishushwa majini, na haikuwahi kupata nafasi ya kuwa meli ya abiria tu. Ilifungwa mizinga, mmojawapo ukiwa wa manowari Königsberg, iliyoangamizwa katika delta ya Rufiji Julai 1915.

Waingereza nao walikuwa wameleta ziwani boti mbili ndogo za kasi, Mimi na Toutou, zilizovutwa nchi kavu kutoka Afrika Kusini kupitia Kongo. Desemba 26, 1915 boti hizo ziliiteka Kingani, meli ndogo ya Wajerumani, na Februari 9, 1916 Mimi ikashiriki kuizamisha nyingine yao, Hedwig von Wissmann. Goetzen boti hizo hazikuithubutu. Lakini upande wa Wajerumani mambo yalikuwa yakizidi kuharibika, na mzinga wake mkubwa ukaondolewa ili utumike nchi kavu. Mahali pake pakawekwa mzinga wa bandia, mfano tu wa kumtisha adui kwa mbali. Ndege za Wabelgiji zikaja kudondosha mabomu Kigoma.

Julai 26, 1916 Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe. Mafundi walipaka injini grisi nzito, meli ikajazwa mchanga, ikashushwa kwa uangalifu chini ya maji karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Siku zile zile za mwisho wa Julai, majeshi ya Jenerali van Deventer, wa upande wa Waingereza, yaliishika reli Dodoma na kusonga kuelekea Kilimatinde. Njia iliyoleta meli na meli yenyewe zikawatoka Wajerumani karibu kwa pamoja. Tabora ile ya baharini ilikuwa imekwisha kuzamishwa kwa mizinga ya Waingereza katika bandari ya Dar es Salaam mwezi Machi, wakati ikitumika kama meli ya hospitali.

Vita vilipohamia kusini viliwaacha watu wa Ugogo na Manyoni wakiwa hoi. Majeshi ya pande zote yalikuwa yamechukua ng'ombe na nafaka, na vijana wengi walikamatwa kuwa wapagazi, wakafia njiani wakibeba risasi na unga wa wengine. Mvua zilipokosekana, ikaja njaa ya mwaka 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo wanaikumbuka kwa jina la Mtunya. Ilichukua maisha ya makumi ya maelfu ya watu. Watalii wanaposoma kisa cha Goetzen husoma kuhusu boti, mizinga na manahodha. Mtunya ni sehemu ya kisa hicho hicho.

Wabelgiji waliinua meli mara ya kwanza, ikazama tena katika dhoruba bandarini Kigoma mwaka 1920. Machi 1924 Waingereza wakaiinua. Grisi ilikuwa imefanya kazi yake: injini zilikuwa nzima. Mei 16, 1927, baada ya matengenezo makubwa, ilirudi kazini ikiwa na jina jipya, Liemba, ambalo David Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa kusini mwa ziwa miaka 60 kabla.

Hapo ndipo meli ilipopata maisha iliyoundiwa. Kamara za daraja la kwanza zilikuwa juu, penye upepo. Kulikuwa na ukumbi wa kulia wenye meza zilizotandikwa, na sitaha ambapo abiria alikaa na kutazama milima ya Mahale ikipita. Katika daraja la tatu watu walilala juu ya mikeka kati ya magunia ya dagaa, vikapu vya mananasi na watoto. Vijiji vingi vya kando ya ziwa havina gati, hivyo mitumbwi na maboti yalikuja ubavuni mwa meli usiku na mchana, watu wakipanda na kushuka kwa kushikana mikono. Kwa mwendo huo Liemba ilikwenda kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, kwa vizazi vitatu. Injini zake za mvuke zilibadilishwa zikawekwa za dizeli katika matengenezo ya miaka ya 1970. Mwaka 1997 iliwarudisha makwao wakimbizi wa Kongo zaidi ya 75,000. Mei 2015 iliwachukua Warundi waliokuwa wamerundikana ufukwe wa Kagunga, takriban 600 kwa safari, na kuwapeleka Kigoma. Sitaha iliyopangwa kwa starehe ya maofisa wa kikoloni ililaza watoto waliokimbia risasi. Sijui meli ya fahari iliyopata heshima kubwa kuliko hiyo.

Sasa nirudi Singida, na kwenye mifano ya meli. Mfano mdogo una uwezo ambao picha haina. Mtepe, chombo cha pwani kilichoshonwa kwa kamba bila misumari, ulitoweka majini katika karne ya 20. Mifano, picha na maandishi ndivyo vilivyowasaidia mafundi wa baadaye kuuunda upya. Makumbusho ya Lamu na ya Fort Jesus, Mombasa, yanatunza mifano ya vyombo vya pwani, na kijana akiitazama anaelewa tanga, mlingoti na mkuku kwa dakika chache.

Kwa kipimo cha 1 kwa 100, Imperator ingekuwa na urefu wa karibu mita 2.8, ikajaza ukuta wa darasa. Goetzen ingekuwa sentimita 67, saizi ya kukaa juu ya dawati la mwanafunzi. Lady Alice ingekuwa sentimita 12, ikalala kiganjani. Kazi ya kuunda mfano kama huo hapa Singida haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mbao laini, gundi, mkasi wa bati, mwalimu wa hesabu anayejua uwiano, na fundi seremala mwenye subira, na watu hao Manyoni na Itigi wapo.

Ombi langu ni kwamba mfano wa Singida usiwe nakala ya mifano ya Ulaya, yenye meli iliyokamilika na kung'aa nyuma ya kioo. Uonyeshe meli ikiwa safarini: mwinuko wa Saranda, reli iliyochongwa ubavuni, gari moshi, na masanduku yaliyofunguliwa nusu ili mtoto aone bati, ribiti na kitanda cha kamara. Kando yake wawekwe wapagazi wa 1875 na vipande vya mwerezi mabegani, na watu wa Vinyata wakiwa nyumbani kwao. Pawepo pia kibao cha Mtunya. Reli mpya ya kisasa inapita Makutupora, katika mkoa huu huu, na kituo chochote kwenye njia hiyo kingefaa kuwa mahali pake, kwa sababu abiria husubiri, na anayesubiri husoma.

Wazee waliosikia habari za reli na njaa kutoka vinywani mwa wazazi wao wanapungua kila mwaka. Shule zilizo kando ya njia ya reli zikiwatuma wanafunzi kuandika masimulizi hayo sasa, kwa Kigogo, Kinyaturu, Kikimbu na Kiswahili, mfano huo utakuwa na maneno ya wenyewe, na historia ya Liemba itakuwa na sura yake ya katikati.